Bodi ya Komando

Kwenye karakana ile walimwita Fundi, na jina lilianza kama kejeli. Mafundi walikuwa sita, yeye peke yake mwanamke, na siku aliyoripoti kazini mmoja wao aliinuka kitini akasema, "Haya jamani, fundi kaja, sisi twendeni zetu nyumbani." Miaka minane baadaye kejeli ilikuwa imekwisha makali, jina limebaki. Televisheni iliyowashinda wengine, spika ya kanisa inayokoroma, mashine ya kupimia presha iliyoanguka kutoka mezani, vyote vilipelekwa kwake, kwenye meza ya kona karibu na dirisha. Alivifungua bila pupa, na kabla ya kushika mita alivinusa. Alisema kifaa kilichoungua kina harufu yake na kilicholowa kina yake, na kilichovamiwa na mende hakihitaji hata kunuswa.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mama yake, na mdogo wake wa kiume ambaye mtaa mzima ulimwita Komando. Jina hilo alijipa mwenyewe utotoni, akitambaa chini ya vitanda na ufagio begani, akivamia jikoni na kumteka mama yake kwa ajili ya sukari. Alipofika miaka kumi na saba miguu ilianza kumlegea. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa misuli, kwamba utapanda taratibu kutoka miguuni, na kwamba dawa zilizopo ni za kupunguza maumivu tu. Mwaka ninaousimulia hapa Komando alikuwa na miaka ishirini na sita. Miguu ilikuwa imekwenda, mkono wa kulia umekwenda. Alikuwa amebakiwa na mkono wa kushoto, nao si wote: kidole gumba na vidole vitatu vinavyofuata vilimtii, cha mwisho kilikwisha kuasi.

Alikaa sebuleni kwenye kiti kipana, mto huku na mto huku, dirisha mbele yake. Kila kitu alifanyiwa. Alilishwa, aliogeshwa, aligeuzwa, alikunwa mgongo. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini alikuwa na ulimi.

"Nyie watu," alisema siku moja Mama alipomfukuzia nzi usoni, "hata nzi wangu mnanifukuzia. Basi niachieni hata mmoja nigombane naye mwenyewe."

Mama alicheka. Fundi hakucheka, maana alimjua mdogo wake. Alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Unataka nini, Komando?"

"Nataka kitu kimoja tu nikifanye mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hata kiwe cha kijinga. Nishinde mwenyewe, nishindwe mwenyewe, mtu asinishike mkono."

"Kama nini?"

"Kama gemu," alisema, akaona haya kidogo, maana ni mtu mzima. "Zile zetu za zamani. Kale kagari kanaruka mashimo."

Walipokuwa wadogo walicheza gemu ile kwa jirani, kifaa kimoja, zamu kwa zamu, wakipigana viwiko. Lakini vifaa vya dukani vyote vimetengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili na vidole gumba vyenye nguvu. Fundi alikwisha kumletea kimoja, kikamshinda kukishika. Kilianguka mapajani kikabaki pale kikilia.

"Nitakutengenezea," alisema.

"Wewe? Fundi wa redio mbovu?"

"Mimi huyuhuyu. Na utakuja kuniomba radhi."

Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Jumamosi iliyofuata alimwekea karatasi juu ya ubao, akauweka ubao mapajani, akaulaza mkono wa kushoto juu ya karatasi na kuuzungushia penseli. Komando alilalamika kwamba anatekenywa. Fundi alimwuliza ni komando gani anayetekenyeka. Alipomaliza aliweka nukta kwenye ncha ya kila kidole kati ya vile vinne. Wazo lake lilikuwa rahisi: asishike kitu chochote. Kifaa kilale mapajani kama sahani, mkono ulale juu yake, na chini ya kila ncha ya kidole kuwe na kitufe chake. Kidole kisitafute wala kisisogee, kazi yake iwe ni kushuka tu. Kwa hiyo kila kitufe kilitakiwa kiwe mahali pake hasa. Milimita mbili nje, na kidole kinabonyeza hewa.

Angeweza kuunga vitufe na waya na gundi, yakaisha. Hakutaka. Mdogo wake alikuwa ameishi miaka tisa juu ya vitu vya kuungaunga: kiti kilichoongezwa mbao, kijiko kilichofungwa mpira, kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Safari hii alitaka kitu kilichozaliwa kwa ajili yake, bodi moja, yenye njia zake za shaba ndani, kama zile za kiwandani. Kusema kweli alitaka pia kiwe kizuri. Hilo alikuja kulikiri baadaye.

Akaanza kuchora. Alikuwa na kompyuta mpakato ya zamani iliyopasuka pembe, na programu ya kuchorea saketi aliyojifunza chuoni. Alichora saa ya chakula cha mchana, wenzake wakila na kubishana mpira, na alichora Jumamosi mchana kutwa. Kuchora bodi ni kama kupanga mabomba ya maji kwenye nyumba ambayo bado haijajengwa. Chipu itakayoendesha gemu ikae katikati. Kioo kikae juu, pale macho ya Komando yanapofika bila kuinamisha shingo. Betri, ya simu, ikae nyuma ili uzito usivute upande mmoja. Njia za umeme ziwe pana, za vitufe ziwe nyembamba, na hakuna mbili zitakazokutana ila zile zinazotakiwa kukutana. Alichora akafuta, akachora akafuta. Pembe zote alizizungusha, kwa sababu ngozi ya Komando ilichubuka upesi. Chini ya kioo aliandika jina lake kwa herufi nyeupe, akapoteza mchana mzima akichagua ukubwa wa herufi.

Ukaisha mwezi wa pili. Wa tatu ukaingia, na hapo ndipo mchungaji alipokuja.

Alikuja Jumatano na akina mama wa maombi, wanane, wakajaa sebule mpaka wengine wakasimama mlangoni. Waliimba, waliomba, na mchungaji alimpaka Komando mafuta mkononi akasema kwa sauti ambayo haikuwa na shaka hata chembe, "Mkono huu utanyooka." Wote waliitikia. Fundi naye aliitikia, tena kwa machozi. Naomba aeleweke vizuri: hakuwa mtu wa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Alikuwa amefunga siku tatu kabla ya maombi yale, anakunywa maji tu na kulehemu huku mikono inatetemeka.

Tangu siku hiyo Mama aliweka sheria. Neno la ugonjwa lisitajwe ndani ya nyumba. Jirani akiuliza hali, jibu ni moja: anaendelea kupona. Komando akishindwa kushika kikombe alichokishika wiki iliyopita, haisemwi kwamba ameshindwa. Inasemwa leo amechoka. Basi Komando akawa mtu wa kuchoka. Alichoka Jumatatu, alichoka Jumanne, na kila uchovu ulichukua kitu ambacho hakikurudi.

Mwisho wa mwezi huo alimwita dada yake. Mama alikuwa uani akianika nguo.

"Dada, ile bodi umeshaituma?"

"Bado. Wiki ijayo."

"Nipime tena."

"Kwa nini?"

"Angalia mwenyewe, usiniulize kama mtoto." Aliutazama mkono wake uliolala mapajani. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, kama vya mtu aliyeshika yai. "Hiki cha shahada bado. Hivi vingine vimerudi ndani. Ile karatasi yako ni ya mtu mwingine sasa."

Fundi aliona. Alikuwa ameona tangu wiki mbili nyuma wakati wa kumwogesha, akaondoa macho. Akaenda kuleta karatasi na penseli, akapiga magoti mbele ya kiti. Alikuwa hajafikisha hata kidole kimoja Mama alipoingia na beseni tupu kiunoni.

"Weka chini hiyo penseli."

"Mama, napima vitufe tu."

"Unapima ugonjwa. Nimekuona. Mtumishi wa Mungu kasema mkono utanyooka, na wewe unauchora ulivyojikunja? Ukimpima leo umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba sala zile hazikufanya kitu."

"Mama, mkono ni wangu," alisema Komando.

"Nyamaza, baba. Wewe umechoka."

"Sijachoka! Mkono umekufa, ndiyo neno lake, mkono una—"

"Toka!" Mama alimfokea Fundi, siyo Komando. Beseni lilimwanguka, likaviringika mpaka chini ya meza, wala hakuna aliyeinama kuliokota. "Miaka tisa nambeba mtoto huyu kwa maombi, nimepiga magoti. Miaka tisa. Wewe unanijia na penseli."

Fundi alisimama, akakunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Alimtazama mdogo wake. Komando alikuwa anamtazama, anangoja. Angeweza kusema neno. Angeweza kungoja Mama aende sokoni, akampima kwa dakika tano, na mambo yakaisha kimya kimya. Yote hayo aliyawaza baadaye, mara nyingi mno. Siku ile aliwaza amani ya nyumba, na aliwaza Mungu, na akaogopa kuwa yeye ndiye mwenye shaka atakayeharibu jambo.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia. "Nitaweka sawa."

Kesho yake saa ya mchana, kwenye meza yake ya kona, aliikunjua ile karatasi ya mwezi wa kwanza. Akaitazama. Hata hiyo ilikwisha kujikunja kidogo ukiiangalia vizuri. Ndipo alipofanya jambo ambalo fundi hafanyi, na ambalo yeye, kwa kifaa cha mtu mwingine yeyote, asingelifanya hata kwa kutishwa. Aliulaza mkono wake mwenyewe wa kushoto juu ya mchoro. Mikono yao ilikuwa ya aina moja, wote waliirithi ya marehemu baba yao, vidole virefu, kifundo chembamba. Yeye na Komando wakiwa wadogo walikuwa wakiilinganisha kiganja kwa kiganja. Basi hivi ndivyo mkono wa mdogo wake ulivyopaswa kuwa, na hivi ndivyo utakavyokuwa ukinyooka. Ncha ya kidole cha kati ilipita nukta yake kwa milimita sita. Ya cha pete ilipita kwa tisa.

Akafungua kompyuta, akavisogeza vitufe nje. Sita, tisa. Akazipanga upya njia za shaba kuvifuata. Alipokuwa akisogeza alijisikia anatoa sadaka, tena ya thamani, kitu ambacho mtu hawezi kukirudisha. Jioni ile alituma mchoro kiwandani, ng'ambo, na alipofika nyumbani alimwambia Mama kwamba ametuma.

"Ulimpima?"

"Sikumpima."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Bodi zilikuja mwishoni mwa mwezi wa tano. Zilikuja tano, kwa sababu kiwanda hakitengenezi moja, zimefungwa pamoja kwenye plastiki, za rangi ya bluu, pembe za mviringo, na herufi nyeupe zinang'aa: KOMANDO. Wenzake walizipitisha mkono kwa mkono. Yule aliyemkejeli siku ya kwanza aligeuza moja mara tatu akasema, "Hii umechora wewe? Hapo kwenye meza ya mende?" na kwa mtu yule hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Alichukua wiki mbili kuijaza moja. Chipu yenye miguu midogo kama ya sisimizi aliilehemu chini ya lenzi, pumzi ameishika. Vitufe hakununua. Alipasua vipanya vya kompyuta vilivyokufa, vile vilivyotupwa kwenye boksi la chakavu, akachomoa vitufe vyake, kwa sababu hakuna kitufe chepesi kama cha kipanya. Kinashuka kwa uzito wa kidole tu. Siku alipounganisha betri, kioo kikawaka, kigari kikatokea upande wa kushoto, barabara ikaanza kukimbia na mashimo yake. Fundi alilaza mkono juu ya bodi. Kila kidole kiliangukia kitufe chake kama kimeitwa. Mbele, nyuma, ruka, honi. Alicheza hatua nne bila kufa. Mafundi walimzunguka wakishangilia. Mmoja mwenye mikono minene akaomba kujaribu, akashindwa, akasema, "Hiki chombo hakinitaki mimi."

"Hakikutengenezwa kwa ajili yako," alimjibu, akacheka mpaka machozi. Hakucheka vile tena kwa muda mrefu.

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana alipokipeleka sebuleni, kimefunikwa kitambaa. Mama alifuta mikono akaja kusimama nyuma ya kiti. Fundi alifunua.

Komando alisoma jina lake. Akalisoma tena. "Herufi kubwa hivi," alisema. "Mnataka nani asinione?" Lakini Fundi aliona kwamba amefurahi, furaha ya kweli, iliyomfanya aonekane ana miaka kumi.

Aliweka kifaa mapajani pake, akauinua mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, mzito na mlegevu, akaulaza juu. Kidole cha shahada kilifika karibu na kitufe chake, hakikukigusa. Gumba lilianguka pembeni. Vile viwili vingine vilibaki vimekunjwa ndani, juu ya eneo tupu la bluu, mbali na vitufe vyao kwa upana wa vidole viwili.

Kigari kilianza kwenda. Kikaingia shimo la kwanza. Mlio wa kushindwa ukalia, ule Fundi aliouchagua kwa kuwa unachekesha.

"Ngoja," alisema Komando. "Nilikuwa sijajiandaa."

Kikaanza tena. Alikaza uso mzima. Mshipa wa shingo ulimtoka, jasho likamwanza puani. Kidole cha shahada kilitetemeka, kikaburuzika upana wa punje ya mchele. Kigari kikaingia shimo. Mlio. Kikaanza tena chenyewe, kikaingia shimo. Mlio.

"Jitahidi, baba," alisema Mama. "Nyoosha kidogo."

"Mama, usiniambie nyoosha."

"Kidogo tu, kwa jina la—"

"Mama!"

Fundi alizima kifaa. Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye bati.

"Dada," alisema Komando. "Hebu weka mkono wako hapo."

"Wa nini?"

"Weka."

Aliuondoa ule wa mdogo wake, akaulaza kwenye mto. Akaweka wake. Ukakaa. Ulikaa vizuri kupita kiasi, kila kidole mahali pake, mbele ya macho ya wote watatu.

Komando aliutazama mkono ule kwa muda. "Umejitengenezea mwenyewe," alisema. "Hongera. Umependeza. Jina langu tu ndilo limekosewa."

Fundi aliuondoa mkono wake juu ya bodi.

"Nilikuambia nipime. Nilikuomba kama mtu anayeomba maji. Nina nini kingine cha kukuomba mimi? Nimekuomba unipime mkono."

"Tuombe kwanza," alisema Mama kwa sauti ndogo. "Tushikane mikono tuombe."

"Tumeomba, Mama!" Fundi alijisikia anapaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya mama yake. "Nimeomba, nimefunga, na nimevisogeza vitufe kwa imani, milimita tisa, ndivyo nilivyofanya, ndiyo imani yangu hiyo hapo, itazame! Sasa niache nimpime."

Mama alitoka. Walimsikia uani akisugua sufuria ambazo alikwisha kuzisugua.

Fundi alipiga magoti. Hakuleta karatasi. Alikishika kidole kimoja kimoja kwa ncha za vidole vyake, akamwambia bonyeza. Gumba: halina nguvu ya kushuka. Cha kati: hakuna kitu. Cha pete: hakuna. Cha shahada: kilishuka, kidogo sana, lakini kilishuka, na kilipoambiwa tena kilishuka tena. Kimoja tu. Mwezi wa kwanza vilikuwa vinne.

Akaleta sanduku lake la vifaa. Alichukua moja ya zile bodi nne tupu, akaibana kwenye ukingo wa meza kwa mkono, akashika msumeno wa chuma na kuanza kukata mle katikati ya herufi nyeupe. Unga wa bluu ulimwagika sakafuni, unawasha ngozi na kunuka kama nywele zilizoungua. Bodi iliteleza. Akaibana upya, ikateleza. Mama alikuwa amerudi mlangoni.

"Unakikata?" aliuliza. "Kitu kizuri vile?"

Fundi aliendelea kukata. Mama alisimama kidogo, kisha akaja, akaushika upande wa pili wa bodi kwa mikono yake miwili yenye povu, akaukandamiza mezani. Hakumtazama mtu. Alishika hivyo mpaka kipande kikakatika.

Kilikuwa kipande cha ukubwa wa sanduku la kiberiti, chenye nafasi ya kitufe kimoja. Fundi alikilehemu kitufe pale pale mezani, akakivutia nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye bodi nzima. Akabadilisha programu kigari kiende chenyewe, kazi ya mchezaji iwe kuruka tu. Kisha alikunja taulo, akaliweka chini ya kiganja cha Komando kama kilivyotaka kiganja chenyewe, akakipeleka kile kipande mpaka kilipogusa ncha ya kidole, akakifunga kwa utepe. Kilikuwa kitu kibaya kukitazama, nyaya zinaning'inia, kingo zina makovu ya msumeno. Kazi yote ilichukua muda usiofika saa moja.

Akawasha.

Kigari kilienda, kikaingia shimo la kwanza. Mlio. Kikaenda tena. Kidole kilishuka, kitufe kikasema *tik*, kigari kikaruka, kikatua ng'ambo ya shimo. Mama alishika mdomo. Shimo la pili, *tik*. La tatu alichelewa, kikatumbukia, na Komando akatukana kwa furaha, tusi la mtaani hasa, mbele ya mama yake, na mama yake hakusema kitu.

Alicheza. Macho hayakutoka kwenye kioo. Na akiwa anacheza, bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, alisema, "Hii ungeitengeneza mwezi wa kwanza. Ningekuwa na vidole vinne."

Ilikuwa kweli tupu, wala hapakuwa na mahali pa kuikwepea. Saa moja, msumeno, taulo na utepe. Yeye alitumia miezi mitano.

"Nisamehe," alisema Fundi. Alikuwa bado amepiga magoti. "Komando. Mdogo wangu. Nisamehe."

"Nyamaza kwanza," alisema. "Nacheza."

Akanyamaza. Alicheza dakika nne kwa saa ya ukutani, kisha kidole kikakataa na akaomba maji. Kesho yake alicheza tatu. Alicheza kila siku, siku kumi na saba, akijipangia mwenyewe saa, akishinda na kushindwa mwenyewe, na siku moja alifika shimo la kumi na moja akamtaka Mama aende kuwaambia majirani. Baada ya hapo kidole kilichoka, na safari hii hata Mama alilisema neno lenyewe: kimekufa. Wiki iliyofuata kifua kikabana. Alifariki hospitalini asubuhi ya siku ya Alhamisi, Fundi amemshika mkono uleule.

Katika siku zile zote kumi na saba waliongea mengi. Waliongea habari za karakana, za baba yao, za mlio wa kushindwa ambao Komando aliutaka ubadilishwe na ukabadilishwa. Lile neno la msamaha hawakulirudia. Fundi alikuwa anangoja amalize kucheza. Halafu alikuwa anangoja siku atakayokuwa na nguvu. Halafu aliona haya kumwomba mgonjwa kitu.

Mazikoni mchungaji alisema kwamba mkono ule sasa umenyooka kabisa, mahali ambapo hautajikunja tena. Watu waliitikia, na Fundi akaitikia, kwa sababu anaamini hivyo mpaka leo. Anaamini pia kwamba Mungu amemsamehe, na hilo kila Jumapili analishukuru kwa unyenyekevu. Lakini hakumwomba Mungu peke yake. Alimwomba mdogo wake, uso kwa uso, na mdogo wake alikuwa anaruka shimo, akamwambia asubiri.